Kombora Linaona Nini? Mwongozo wa Kunasa Shabaha kwa Joto katika Simuleta za Ndege za Kivita

Mchezaji mgeni wa simuleta ya ndege za kivita hatambuliki kwa namna anavyoruka. Anatambulika kwa makombora yake. Anasikia mvumo kwenye hedifoni, anamwona adui mbele, anabonyeza. Kombora linachomoka, linakwenda moja kwa moja mita mia kadhaa, halafu linajipindia upande wa jua, au linachimba ardhi, au linampita adui kwa mbali bila hata kumgeukia. Anarudia. Makombora manne yakishakwisha analalamika kwamba mchezo una kasoro. Mara nyingi hauna. Aliuchukua ule mvumo kuwa ruhusa ya kufyatua, kumbe ulikuwa taarifa tu kwamba jicho la kombora limeona kitu chenye joto kuliko mazingira yake. Ni kitu gani, kombora halijui na wala halijali.

Mwongozo huu ni wa wanaorusha ndege hizo kwenye DCS World, Falcon BMS, War Thunder na simuleta nyingine za aina hiyo. Zote zina makombora yanayofuata joto, na katika zote mchezaji hujifunza kitufe kabla ya kujifunza jicho. Hapa tutaanza na jicho.

Jinsi joto linavyoonekana

Kila kitu chenye joto hutoa miale, pamoja na mkono wako ulioshika simu au gazeti hili. Macho yetu hayaioni kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwanga mwekundu, na ndiyo inayoitwa miale ya infraredi. Mwaka 1893 mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Wien alionyesha kwamba kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto, ndivyo mawimbi yenye nguvu zaidi kinayoyatoa yanavyozidi kuwa mafupi. Kanuni hiyo moja inaeleza nusu ya mambo yanayowachanganya wachezaji. Bati la ubavu wa ndege lenye nyuzi 25 za Selsiasi hutoa miale yake mingi kwenye mawimbi ya karibu mikromita 10. Chuma cha bomba la injini chenye nyuzi 600 hutoa kwenye mikromita 3 na ushei. Jua kilele chake kiko kwenye nusu mikromita, ndani kabisa ya mwanga tunaouona, lakini nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba hata sehemu ndogo inayoangukia kwenye infraredi inafunika kila kitu kilicho angani.

Ongeza hapo mambo mawili. Kwanza, kitu kikiongezeka jotoridi mara mbili kwa kipimo cha Kelvin, miale yake yote kwa jumla huongezeka mara 16. Ndiyo maana rubani anapowasha afteberna, yaani anapomwaga mafuta ya ziada nyuma ya injini na kuyachoma hapo hapo, ndege yake hugeuka kuwa taa. Pili, umbali ukiongezeka mara mbili, miale inayofika kwenye jicho hupungua hadi robo. Na hiyo inayofika imeshapita hewani, ambako mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hunyonya mawimbi mengi na kuacha madirisha machache tu. Dirisha muhimu zaidi kwa makombora ya angani ni lile la mikromita 3 hadi 5. Wingu nene, kwenye maisha halisi, huziba jicho kabisa. Simuleta si zote zinazozingatia hilo, na ni jambo linalokera ukipigwa na mtu aliyekuwa upande wa pili wa wingu.

Nyoka wa jangwani

Kombora lililoweka msingi wa kazi hii yote ni AIM-9 Sidewinder. Lilibuniwa na kikundi cha mwanafizikia William McLean katika kituo cha jeshi la majini la Marekani kilichoko China Lake, jangwani California. Mwaka 1953 liliipiga ndege ya majaribio isiyo na rubani, na mwaka 1956 likaanza kutumika jeshini. Jina lake ni la nyoka wa majangwa ya huko, mwenye vishimo usoni vinavyohisi joto la panya gizani.

Inafaa kukaa kidogo kwenye jicho la toleo la awali, AIM-9B, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yote ni marekebisho juu yake. Jicho hilo halioni picha. Lina sensa moja tu, kipande kidogo cha kampaundi ya risasi na salfa ambacho huitikia miale isiyozidi mikromita 3 hivi. Nyuma ya kikuba cha kioo kuna kioo mbonyeo kinachokusanya miale na kuielekeza kwenye sensa. Kabla ya kuifikia, miale hupita kwenye kisahani kinachozunguka kwa kasi. Nusu moja ya kisahani hicho imechorwa michirizi myeusi na mieupe kwa kupokezana, nusu ya pili imetiwa rangi ya kijivu inayopitisha mwanga nusu.

Sasa fikiria doa dogo la moto, injini ya ndege iliyo mbali. Michirizi inapopita mbele yake, doa linazibwa na kufunguliwa, linazibwa na kufunguliwa, na sensa inatoa mtetemo wa umeme. Nusu ya kijivu inapopita, mtetemo unakoma. Kwa kupima ni wakati gani wa mzunguko mtetemo unaanza na kukoma, saketi inajua doa liko upande gani: juu, chini, kushoto au kulia. Wingu kubwa linalong'aa, kwa upande wake, hufunika michirizi mingi kwa wakati mmoja, hivyo kinachozibwa na kinachofunguliwa hulingana na mtetemo unakuwa hafifu. Kwa hila hiyo ya kisahani, McLean na wenzake walilifanya kombora lipuuze vitu vikubwa na kupenda vitu vidogo, bila kompyuta yoyote. Mvumo unaousikia kwenye hedifoni za simuleta ni mtetemo huo uliogeuzwa kuwa sauti.

Udhaifu wake nao unatokana na hapo hapo. Kwa kuwa sensa haivuki mikromita 3, haioni ubavu wa ndege wala moshi wake. Inachoona ni chuma cha moto ndani ya bomba la injini, na bomba hilo huonekana kutoka nyuma tu. Ukingo wa wingu uliopigwa na jua ni doa dogo linalong'aa, kwa hiyo nao unafaa kuliwa. Ziwa linaloakisi jua la alasiri nalo linafaa. Jua lenyewe ndilo tonge kubwa kuliko yote.

Tarehe 24 Septemba 1958 marubani wa Taiwan waliokuwa kwenye F-86 Sabre waliyatumia makombora haya dhidi ya MiG-17 za China juu ya mlangobahari wa Taiwan, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kombora kama hili kutumika vitani. Inaelezwa kwamba moja lilikwama kwenye MiG bila kulipuka, ndege hiyo ikarudi nalo nyumbani, na hatimaye likafika mikononi mwa Wasovieti. Hao walilifungua, wakaliiga, wakatoa K-13. Ndiyo maana katika DCS kombora la R-3S la MiG-21, toleo la K-13 hiyo, lina tabia zile zile za Sidewinder ya zamani: ni ndugu wa tumbo moja.

Vietnam iliwavua watu matumaini. Chini ya kombora moja kati ya matano ya Sidewinder yaliyofyatuliwa huko lilimwangusha adui. Marubani walikuwa wamefundishwa kwamba mvumo unatosha. Walifyatua wakiwa mbali mno, au karibu mno, au huku adui akikata kona kali, au kutoka pembe ambayo jicho lisingeweza kuishikilia. Mchezaji wa leo hurudia makosa hayo moja baada ya jingine, kwa bahati nzuri bila kuhatarisha shingo yake.

Dawa ilikuwa kulipoza jicho. Sensa yenye joto hujiona yenyewe. Joto lake hufunika miale dhaifu inayotoka mbali. Toleo la AIM-9L lilitumia sensa ya indiamu na antimoni iliyopozwa kwa gesi ya agoni, ikaweza kufanya kazi kwenye dirisha la mikromita 3 hadi 5. Hapo kombora likaanza kuona gesi za moto zinazotoka kwenye injini na bati lililopashwa na msuguano wa hewa, hivyo adui anayekuja uso kwa uso naye akawa shabaha. Waingereza walikwenda nalo kwenye vita vya Falklands mwaka 1982, likiwa chini ya mabawa ya Sea Harrier. Ajabu ni kwamba hata huko wengi waliopigwa walipigwa kutoka nyuma. Uwezo wa kufyatua kutoka mbele ni mzuri kuwa nao, lakini rubani mzoefu haupendelei, kwa sababu dirisha la muda ni dogo na mtu wa mbele anakuona.

Ndani ya chumba cha rubani

Tuseme uko kwenye F-16 ya DCS ukiwa na AIM-9M. Umewasha swichi kuu ya silaha na kuchagua mapigano ya karibu. Kwenye ukurasa wa silaha kuna maneno mafupi ambayo wengi huyapita bila kuyasoma. WARM ikiwepo, jicho halijapozwa. Hakikisha inasomeka COOL. Ukiacha WARM utashangaa kwa nini adui aliye kilomita tatu mbele haleti mvumo wowote.

Karibu yake kuna SLAVE na BORE. Kwenye SLAVE jicho hufuata mahali rada inapotazama. Kama rada imemshika adui, jicho nalo hupelekwa kwake. Kwenye BORE jicho linatazama mbele tu, na kazi ya kumleta adui mbele ni yako. Napendekeza ujifunze BORE kwanza. SLAVE ni rahisi, na kwa urahisi wake humficha mchezaji jambo analopaswa kulijua, yaani kwamba jicho la kombora ni dogo mno. Lile la AIM-9B lilitazama eneo la digrii 4 tu. Nyoosha mkono wako mbele: vidole viwili vya katikati vikiwa vimeshikana vinafunika karibu eneo hilo.

Kisha SPOT na SCAN. SCAN hulizungusha jicho kwenye duara dogo ili lichunguze eneo pana zaidi, SPOT hulituliza mahali pamoja. Angani palipo safi SCAN inasaidia. Karibu na ardhi au jua, itumie SPOT, usilipe jicho nafasi ya kutangatanga.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi. Mpaka sasa jicho limefungwa: linatazama linakoelekezwa, hata kama kuna kitu cha moto pembeni. Kuna kitufe kwenye wenzo wa mafuta cha kulifungua. Ukilifungua, litafuata lenyewe doa la moto lililo mbele yake, na mvumo hubadilika, huwa mwembamba na wa juu zaidi. Kwenye kioo cha HUD kuna almasi ndogo inayoonyesha jicho linakotazama. Sasa, kabla hujafyatua, sogeza pua ya ndege taratibu kidogo kulia au kushoto. Almasi ikibaki juu ya adui huku pua ikihama, jicho limemshika kweli. Almasi ikihama na pua, halijashika chochote. Ikiteleza kuelekea jua, ukingo wa wingu au mlima, limeshika kitu kingine. Lifunge tena, badilisha pembe, anza upya. Jaribio hili huchukua sekunde moja au mbili, na limeokoa makombora mengi kuliko mafunzo yote ya video.

Asiyetaka kutumia pesa bado asijione ametengwa. DCS World hupakuliwa bure pamoja na Su-25T, ndege ya kushambulia vifaru ambayo pia hubeba makombora ya R-60 na R-73 ya kujilinda. Haina rada hata kidogo, na kwa mafunzo haya hilo ni heri. Kama hujabadilisha vitufe, bonyeza 6 kuingia kwenye modi ya Fi0, ambayo hutumia jicho la kombora lenyewe likitazama mbele. Mlete adui kwenye alama ya katikati. Yakitimia masharti, herufi za Kirusi ПР hutokea kwenye kioo kukujulisha kwamba unaweza kufyatua. Ndege ni nzito na inakata kona kwa uvivu, kwa hiyo itakulazimisha kufikiria pembe mapema badala ya kutegemea misuli.

War Thunder ni nyepesi zaidi kwa kompyuta na mambo yake ni mafupi: unaliamsha jicho, duara linatokea, duara likigusa kitu cha moto mvumo unasikika na duara linaanza kumfuata. Hapo napo jaribio la kusogeza pua linafanya kazi vile vile. Falcon BMS, iliyojengwa na wapenzi wa kujitolea juu ya Falcon 4.0 ya mwaka 1998, iko karibu sana na DCS kwa upande wa vitufe vya F-16, na ukizoea moja hutapotea kwenye nyingine.

Kombora likishaondoka

Manahodha wa majahazi wanaijua kanuni inayoliongoza kombora, ingawa hawakuifundishwa darasani. Ukiona chombo kingine baharini, na kila ukikitazama kiko pembe ile ile ya chombo chako huku kikizidi kuwa kikubwa, mtagongana. Nahodha hubadili mwelekeo ili kuvunja hali hiyo. Kombora hufanya kinyume: linaitafuta na kuilinda. Halimkimbilii adui pale alipo. Hupima mstari kati yake na adui unageuka kwa kasi gani, kisha hujigeuza kwa kasi iliyo kubwa mara tatu hadi tano kuliko hiyo, mpaka mstari uache kugeuka. Mstari ukitulia, kinachobaki ni kusubiri mgongano.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kufyatua ni hili: mstari unageuka kwa kasi gani sasa hivi? Adui akiwa mbele yako akikata kona kali umbali mdogo, mstari unageuka haraka mno. Jicho la AIM-9B liliweza kumfuata adui kwa kasi isiyozidi digrii 11 hivi kwa sekunde, na shingo yake haikugeuka zaidi ya digrii 25 kutoka mbele. Ukizidi hapo, jicho linampoteza na kombora linakwenda kipofu. Ndege yako mwenyewe nayo ilitakiwa isizidi 2G au karibu na hapo wakati wa kufyatua. Ukiwa na kombora la namna hiyo, fyatua pale adui anaponyoosha mabawa: anapotoka kwenye kona, anapopanda, anapodhani amekupoteza. Wenye R-73 au AIM-9X wanaweza kucheka masharti haya, ila wasicheke sana.

Wasicheke kwa sababu ya mafuta. Injini ya roketi ya kombora la aina hii huwaka kwa sekunde chache tu; ile ya AIM-9B iliwaka kama sekunde 2. Baada ya hapo kombora ni bomba linaloteleza hewani, na kila kona linayoikata inakula mwendo wake. Karibu na usawa wa bahari hewa ni nzito na kombora linachoka upesi. Kwenye mwinuko wa kilomita 10 hewa ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya ile ya chini, na kombora lile lile linafika mbali zaidi sana. Namba ya umbali iliyoandikwa kwenye ukurasa wa silaha kwa kawaida ni ya hali nzuri kabisa: juu angani, adui akija kwako. Ukimfuata kwa nyuma karibu na ardhi, akikimbia kwa kasi ya sauti, umbali unaofaa unaweza kuwa robo ya huo au chini yake. Mvumo utakuwa mzuri sana, kwa sababu bomba lake la injini liko mbele yako wazi, nawe utafyatua, na kombora litaishiwa pumzi nyuma yake.

Fataki

Adui naye ana la kufanya. Fataki za kuhadaa zinazotupwa na ndege kwa kawaida hutengenezwa kwa unga wa magnesiamu na Teflon, na huwaka kwa nyuzi zaidi ya 2,000. Kwa kanuni ya Wien, moto wa namna hiyo kilele chake kiko karibu na mikromita moja na kidogo, mahali ambapo jicho la zamani lina njaa kuliko kwingine. Kwa AIM-9B, fataki ni ndege nzuri kuliko ndege yenyewe.

Makombora ya baadaye yalifundishwa kutilia shaka. Mengine hulinganisha nguvu ya miale kwenye mawimbi mawili tofauti, kwa kuwa fataki na injini hazina uwiano mmoja. Mengine huangalia mwendo: fataki ikishatoka hupunguzwa kasi na hewa papo hapo na kubaki nyuma, jambo ambalo ndege haiwezi. Doa liking'aa ghafla na kurudi nyuma, jicho hufumba kwa muda mfupi na kuendelea na njia lililokuwa nayo, au hubana eneo linalotazamwa. AIM-9M ni ya kizazi hicho.

Hapa simuleta hazifanani. DCS kwa miaka mingi imelipa kila kombora namba inayoeleza wepesi wake wa kuhadaika, na kila fataki ni kama kurusha kete kwa kufuata namba hiyo, pembe na hali ya afteberna. War Thunder hujaribu kuigiza kama fataki imo ndani ya eneo linalotazamwa na jicho, na kama inang'aa kuliko injini. Kwa mchezaji tofauti hiyo ina maana: kwenye DCS wingi wa fataki unasaidia, kwenye War Thunder wakati na mahali pa kuitupa pana uzito zaidi.

Kwa vyovyote, zima afteberna kwanza. Mtu anayetupa fataki huku afteberna inawaka analipa jicho sababu ya kuendelea na injini. Punguza mafuta, geuka ili bomba lisiwe wazi kwa kombora, ndipo utupe fataki, tena zaidi ya moja. Na usisubiri onyo. Kifaa cha kutahadharisha rada kinasikia rada tu. Jicho la joto halitoi chochote, linapokea. Ndege nyingi za simuleta, kama zilivyo nyingi za kweli za enzi zile, hazina namna ya kujua kwamba kombora hilo liko njiani ila kwa macho ya rubani aliyegeuza shingo na kuona moshi.

Kizazi cha picha

Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, jeshi la anga la nchi hiyo lilirithi MiG-29 za Ujerumani Mashariki pamoja na R-73 zake na kifaa cha kofia kinachomwezesha rubani kulielekeza jicho la kombora kwa kugeuza kichwa. Marubani wa Magharibi walipofanya nao mazoezi walishtuka. Adui hakuhitaji tena kuwa mbele ya pua. Mshtuko huo ulichochea AIM-9X ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 2003, na IRIS-T ya Wajerumani na washirika wao.

Jicho la AIM-9X halina kisahani. Lina maelfu ya sensa zilizopangwa kama vitone vya kamera, nalo huona picha: umbo, kingo, mabawa. Fataki kwenye picha hiyo ni nukta tu iliyo pembeni. Tarehe 4 Februari 2023 ndege ya F-22 ililitumia kuangusha puto la China nje ya pwani ya South Carolina. Puto halina injini wala bomba la moto, ila lilikuwa na tofauti ya kutosha na mbingu baridi iliyo nyuma yake. Siku nane baadaye, juu ya Ziwa Huron, AIM-9X ya kwanza iliyofyatuliwa kwa kitu kingine kilichokuwa kikielea angani ilikosa, ikabidi ipelekwe ya pili. Ukikosa kwenye simuleta, basi, una wenzako.

Msomaji wa pwani ya Kenya hahitaji kukumbushwa kwamba teknolojia hii ina upande usio wa mchezo. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili ya Strela-2, ya kufyatuliwa begani na yenye jicho la joto, yalirushwa kwa Boeing 757 ya shirika la Arkia iliyokuwa imetoka tu kupaa uwanja wa Moi, Mombasa. Yalikosa, na abiria 261 wakafika salama. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Paradise ya Kikambala ililipuliwa na watu 13 wakauawa, wengi wao Wakenya. Hatari ya namna hiyo ni sababu mojawapo ya serikali kuficha namba kamili za macho ya kisasa, na ya watengenezaji wa simuleta kujaza mapengo kwa makadirio. Wachezaji wa War Thunder wameshachapisha nyaraka za kijeshi zaidi ya mara moja ili tu washinde ubishi kuhusu kifaru au ndege. Mwongozo wa mchezo unatosha. Ukikutana na karatasi yenye muhuri wa siri, iache.

Kwa mazoezi, tengeneza misheni yako mwenyewe kwenye DCS. Weka ndege ya mizigo isiyo na silaha ikiruka moja kwa moja kwenye mwinuko wa mita 3,000, nawe uanze kilomita tatu nyuma yake, saa nne asubuhi, mbingu safi. Ifuate na usikilize mvumo unavyokua bila kufyatua. Halafu sogea ubavuni mwake polepole na usikilize mvumo unavyofifia: kwa R-3S utakoma mapema, kwa R-73 utaendelea hadi mbele kabisa. Badilisha saa iwe jioni na mwelekeo wake uwe wa machweo. Badilisha ndege ya mizigo iwe ya kivita, itakayokata kona na kutupa fataki. Kila unapofyatua, rekodi kwa Tacview, programu yenye toleo la bure, kisha rudisha nyuma hadi sekunde ya kufyatua na uitazame kutoka juu: umbali ulikuwa kiasi gani, adui alikuwa anakata kona kwa G ngapi, na kombora lilikuwa na kasi gani lilipomfikia au kumpita. Ukiona kasi hiyo imeshuka karibu na ya adui, ulifyatua ukiwa mbali mno.